KIKINGA MASIKIO NI CHA KUVALIWA, SI CHA KUTUNDIKWA

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi vyenye mashine za kuchambua pamba, kukoboa na kusaga nafaka)



Chukueni mfano huu. Mzee mmoja alifanya kazi miaka 20 katika kiwanda cha kuchambua pamba, msimu hata msimu, akisimama mbele ya mashine ile ile. Sasa amerudi shambani kwake. Siku ya mauzo anafikisha mzigo wake penye mizani ya chama. Karani anasoma kwa sauti, "Kilo sitini." Mzee anaitikia kwa kichwa. Anapopokea stakabadhi anaona imeandikwa 60, naye anawaka.

"Umenitajia tisini, bwana karani. Thelathini zangu zimekwenda wapi?"

"Shikamoo, mzee. Nimesema sitini."

"Marahaba, lakini tisini nimeisikia kwa masikio yangu!"

Watu wanakusanyika. Wapo wanaosema makarani ndivyo walivyo. Katibu anaitwa, mzigo unarudishwa juu ya mizani, nayo mizani inajaribiwa kwa mawe yake. Ni kilo 60. Mizani ni sahihi na stakabadhi ni sahihi. Karani hakuiba, wala mzee hakusema uongo. Alisikia tisini kweli.

Maneno haya mawili, sitini na tisini, yana irabu zile zile na herufi zile zile. Yanatofautiana kwa jambo moja tu: katika moja s hutangulia na t hufuata, na katika jingine t hutangulia na s hufuata. Ndivyo ilivyo pia kwa sita na tisa. Sasa, sauti za s, t, f, k na sh ni sauti nyembamba za juu, na ndizo ambazo sikio lililoharibiwa na kelele hushindwa kuzipokea mapema. Irabu ni nene na zina nguvu, kwa hiyo husikika hata mwisho. Basi mzee yule hupokea mifupa ya neno pasipo nyama yake, nyama akaitia mwenyewe kwa kukisia. Siku hii alikisia vibaya. Kilo zake 30 hazikuchukuliwa na karani. Zilichukuliwa na mashine, miaka mingi iliyopita, kidogo kidogo kila zamu.

Ushirika huendeshwa kwa kusikilizana. Hesabu za mwaka husomwa mbele ya mkutano mkuu, bei hutangazwa, hoja hutolewa na kujibiwa, ndipo mikono hunyoshwa. Mwanachama asiyesikia yaliyosomwa hunyosha mkono kwa sababu jirani yake amenyosha. Kwa hiyo habari ya masikio si ya mganga peke yake. Ni habari ya chama.

KELELE HUFANYA NINI NDANI YA SIKIO

Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojikunja mfano wa ganda la konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana, yapata 15,000 kwa kila sikio, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari iendayo kwenye ubongo. Kelele kubwa huzilaza chembe hizi kama upepo ulazavyo mpunga. Zikipata mapumziko ya kutosha huinuka tena. Zikilazwa kila siku hufa, na zikifa haziotei tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, na kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti lakini hakifufui chembe iliyokufa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Mtu akikatwa na mkanda wa mashine hupiga yowe na kazi husimama. Anayepoteza usikivu hapati jeraha wala damu haimtoki. Yeye hudhani tu kwamba watu siku hizi hawasemi vizuri. Dalili za kwanza zafaa zijulikane na kila msimamizi. Mtu akitoka zamu masikio yake yanalia kama nyenje, au anahisi kana kwamba yamezibwa, sikio lake limekwisha kuumizwa siku hiyo. Jaribio rahisi ni la redio: asubuhi aifungue kwa sauti ndogo anayoielewa barabara, na kitufe cha sauti asikiguse. Jioni aifungue tena. Asipoyaelewa maneno kwa sauti ile ile, kelele za mchana zimemzidi.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1886 daktari mmoja wa mji wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi 100 waliokuwa wakigongea misumari matangi makubwa ya mvuke. Hakumwona hata mmoja mwenye usikivu kamili. Wenzao wagawa barua, waliopimwa kwa njia ile ile, walikuwa na hali njema kupita wao. Miaka 91 baadaye, yaani mwaka 1977, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 148 unaohusu hewa chafu, kelele na mitikisiko mahali pa kazi.

KELELE IPIMWE, KISHA IPUNGUZWE

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki si kama kilo, na makatibu wazoefu wa kujumlisha wasije wakapotea hapa. Mashine moja ikitoa desibeli 90, mashine mbili za namna hiyo zikiwa pamoja hazitoi 180; hutoa 93. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya kelele huwa maradufu. Ndiyo sababu Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama na afya kazini, hushauri kwamba masikio matupu yasikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Katika 88 yasizidi saa 4. Katika 91 saa 2. Katika 94 saa 1. Katika 97 nusu saa. Na katika 100 dakika 15 tu. Nchini Kenya kanuni za kuzuia kelele mahali pa kazi za mwaka 2005 zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo humbebesha mwajiri wajibu wa kuwakinga watumishi wake. Chama chenye mashine ni mwajiri, hata kama mwajiriwa ni mwanachama.

Chama kisicho na chombo cha kupimia kisikae kikingoja. Watu wawili wasimame karibu na mashine, wakiachana kwa urefu wa mkono mmoja ulionyoshwa. Ikiwa mmoja hana budi kupaza sauti ili mwenziwe amwelewe, mahali pale yapasa pahesabiwe kuwa pamefika desibeli 85 au kupita. Kisha aitwe mkaguzi wa usalama kazini aje na chombo chake apate kusema hakika.

Kabla ya kununua kikinga chochote, mashine yenyewe ichunguzwe. Beringi isiyotiwa grisi hulia. Kifuniko kilicholegea bolti hugonga. Mkanda uliochakaa hupiga makofi. Injini ya dizeli iliyovunjika bomba la moshi hunguruma eneo zima. Haya yote ni matengenezo ambayo fundi wa chama angepaswa kuyafanya hata kama kusingekuwa na sikio la kulindwa. Injini yaweza kuwekwa chumba chake na kuwekewa mpira chini ya miguu yake. Watu wasiohitajika karibu na mashine waondolewe: mahali pa wazi, kila umbali unapoongezwa maradufu, kelele hupungua kwa desibeli 6 hivi. Katika mashine ya kusagia unga, benchi la wanaongoja lisiwe mlangoni mwa mashine. Mama aliyembeba mtoto mgongoni hangoji peke yake. Yanangoja masikio manne.

Kikinga masikio huja mwisho, kwa ajili ya kelele iliyobaki baada ya haya.

KIKINGA NI KITU GANI

Kikinga kinachozungumzwa hapa ni vikombe viwili vya plastiki ngumu vilivyounganishwa kwa upinde upitao utosini. Ndani ya kila kikombe mna sponji ya kunywa sauti, na ukingoni mna mto laini wa duara unaokaa juu ya ngozi kuzunguka sikio. Kwa macho kinafanana na hedfoni za kusikilizia muziki, lakini si ndugu zake. Hedfoni za muziki hazikutengenezwa kuzuia kelele ya kiwandani, na kijana anayezivaa kando ya mashine huongeza sauti ya muziki ili ishinde mashine, hivyo akajidhuru mara mbili. Vipo vikinga vyenye redio ndani yake kwa watu wanaopaswa kuongea kazini; navyo hulinda kwa mito ile ile, na masharti ya kuvivaa ni yale yale.

Kadhalika, pamba. Katika viwanda vya kuchambua pamba ni desturi mtu kuokota nyuzi akazisokota na kuzitia masikioni. Aonapo kelele imefifia kidogo hudhani amepona. Pamba tupu hupitisha sauti kama chandarua kipitishavyo upepo. Inachopunguza ni kidogo mno. Vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo ni jambo jingine, nao ni msaada mwema hasa penye joto kali, lakini hutaka mikono safi na mafunzo yake mbali.

NAMNA YA KUVAA

Kikinga kivaliwe kabla ya kuingia penye kelele, si baada ya kufika mbele ya mashine. Hatua zake ni hizi:

1. Mvaaji akitazame kwanza. Mito isiwe imepasuka wala kukauka, sponji ziwemo ndani, upinde usiwe umelegea.

2. Aondoe hereni kubwa, na nywele azisukume nyuma ya masikio. Kofia au kilemba kisipite chini ya mto.

3. Avitanue vikombe kwa mikono miwili na kuviweka juu ya masikio. Sikio zima liingie ndani ya kikombe. Mto usiikalie ncha ya sikio. Ukae juu ya ngozi na mfupa pande zote.

4. Avishikilie vikombe kwa vidole gumba visihame, na kwa vidole vingine aushushe upinde mpaka uguse utosi. Pande zote mbili ziwe na urefu sawa. Upinde usikae kisogoni wala juu ya paji la uso, ila ule uliotengenezwa makusudi kukaa hivyo.

5. Apitishe kidole kuuzunguka kila mto. Akikuta mwanya, hata wa unyoya, aanze tena.

6. Ajaribu. Akiwa penye kelele avisukume vikombe kwa viganja kuelekea kichwani. Kelele ikipungua sana anapovisukuma, kikinga hakikukaa vizuri, au upinde umechoka. Isipobadilika ila kidogo, kimekaa. Alama nyingine ni sauti yake mwenyewe: kikinga kilichoziba vyema humfanya mtu ajisikie akinguruma kama aliyeingiza kichwa mtungini.

Sauti ni kama maji. Mtungi ukiwa na ufa mmoja hauulizwi ni mnene kiasi gani. Miwani yenye mikono minene huinua mto na kufungua njia ya kelele. Mwenye miwani apewe yenye mikono myembamba, iliyolala kichwani. Mwanamke ajifungaye mtandio hana haja ya kuuvua: mtandio waweza kufungwa juu ya kikinga, au kikinga cha upinde wa kisogoni kikatumika, ili mradi nguo isiingie kati ya mto na ngozi. Jambo hili lielezwe kwa heshima, na ikiwezekana mwanamke amfundishe mwanamke mwenzake.

HESABU YA ANAYEVUA

Hapa ndipo penye moyo wa mazungumzo haya, na makatibu wanaombwa wachukue kalamu.

Mahali pana kelele ya desibeli 100. Mtu amepewa kikinga kinachompunguzia kwelikweli desibeli 20. Akikivaa saa zote 8 za kazi, sikio lake hupokea 80, naye yu salama. Watu wengi hudhani kwamba akikivua nusu saa tu atapoteza sehemu ndogo ya faida hiyo. Sivyo. Akikivua nusu saa katika saa 8, faida ya siku nzima hushuka kutoka desibeli 20 hadi 11 hivi. Akikivua saa moja, hubaki 9. Akikivaa nusu siku na kukitundika nusu siku, hubaki 3 tu. Ni kana kwamba ametumia siku nzima katika desibeli 97 akiwa na masikio matupu.

Sababu yake ni nyepesi. Katika desibeli 100 sikio tupu linaruhusiwa dakika 15 kwa siku. Aliyevua nusu saa amekwisha kula posho ya siku mbili, na saa zake saba na nusu za utii haziwezi kumrudishia. Kelele iliyokwisha kuingia haitoki. Ndiyo maana kikinga cha wastani kinachovaliwa muda wote humfaa mtu kuliko kikinga bora kabisa kinachovaliwa na kuvuliwa. Katibu anaponunua asiulize tu kipi kina namba kubwa. Aulize pia ni kipi mtu ataweza kukivumilia mpaka mwisho wa zamu: kisichobana mno, kisicho kizito, chenye mto mpana.

Ama namba zenyewe, huandikwa kwenye kasha au upindeni, zikitanguliwa na herufi SNR kwa vya Ulaya na NRR kwa vya Marekani. Zilipatikana katika chumba tulivu cha majaribio, vichwani mwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Kiwandani hazipatikani zote. Mwaka 1998 NIOSH ilishauri kwamba namba ya NRR ya vikinga vya vikombe ipunguzwe robo, na pale kelele ilipopimwa kwa kipimo cha kawaida cha desibeli A zitolewe tena 7. Kilichoandikwa 27, kwa mfano, baada ya robo hubaki 20, na baada ya kutoa 7 hubaki 13. Penye kelele ya 97 sikio litapokea 84. Inatosha, lakini hakuna akiba ya kuchezea. Penye kelele inayopita 100, vizibo huvaliwa ndani na vikombe juu yake. Hata hivyo wawili hawa hawajumlishwi namba zao, kwani cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile kilicho bora.

Wala kupita kiasi si kwema. Penye kelele ndogo, kikinga kizito mno humtenga mtu, akakosa kusikia kengele, gari linalorudi nyuma, au mwenzake anayemwita. Sauti inayofika sikioni ikiwa kati ya desibeli 70 na 80, mtu yu salama na bado yumo duniani.

VISINGIZIO NA MAJIBU YAKE

"Nimekwisha kuzoea." Sikio halizoei kelele. Mtu aonaye kelele ya mashine imepungua bila mashine kubadilishwa, na apelekwe kupimwa upesi. Huenda kilichopungua ni usikivu wake.

"Nikivaa sitaisikia mashine ikiharibika." Hofu hii ni ya haki, na fundi mwema asidharauliwe kwa kuisema. Kikinga hushusha sauti zote pamoja, ule mngurumo na ule mlio wa beringi. Mwenye masikio mazima, penye kelele kubwa, huendelea kuvitofautisha, ila huhitaji siku chache za kujifunza mashine yake upya. Apewe siku hizo akiwa na mwenziwe. Aliyekwisha kupoteza usikivu ndiye atakayepata shida zaidi; kwake yeye iwekwe taa ya ishara, au abadilishiwe kazi. Na ishara za mikono zikubaliwe na watu wote wa zamu kabla ya msimu: simamisha, washa, njoo, hatari.

"Kinatoa jasho." Ni kweli, hasa mchana wa kiangazi. Dawa yake ni mapumziko mafupi mahali penye utulivu, mbali na mashine, ambapo mtu avue, ajifute na kukausha mito kwa kitambaa safi. Kuvua huko hakuna deni, kwani hakuna kelele. Deni ni kuvua mbele ya mashine. Kwa hiyo kibanda cha kupumzikia kisijengwe ukutani mwa kiwanda.

"Msimamizi mwenyewe havai." Hili halina jibu. Mjumbe wa bodi, mkaguzi, mgeni, na katibu anayepita dakika mbili kutafuta sahihi, wote wavae. Dakika mbili hazitamuua katibu, lakini wafanyakazi 30 watakuwa wamemwona.

UTUNZAJI

Kikinga kimoja ni cha mtu mmoja, na jina lake au namba yake iandikwe. Kuazimana hueneza maradhi ya ngozi, tena upinde uliorekebishwa kwa kichwa kikubwa hauzibi kwa kichwa kidogo. Mwenye usaha au maumivu sikioni asivae mpaka aonwe na mganga, wala asiachwe penye kelele akiwa hana kinga. Apewe kazi nyingine.

Kila mwisho wa zamu mito ipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kisha ikaushwe kivulini. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yasitumiwe, kwani huigandisha mito ikapasuka. Vikombe visitumbukizwe majini. Sponji za ndani zisitolewe kwa kusudi la kupata hewa, na kikombe kisitobolewe tundu. Upinde usitanuliwe kwa nguvu ili ulegee. Kubana kwake ndiko kazi yake. Kikinga kisiachwe juani, wala juu ya injini, wala kisitundikwe msumarini kwa kikombe kimoja hata upinde ukapinda. Kiwekwe ndani ya mfuko safi au sandukuni. Mito na sponji hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hivi kwa anayevaa kila siku, au mapema zaidi zikianza kuwa ngumu. Katibu anaponunua vikinga aulize hapo hapo kama mito ya akiba hupatikana. Kikinga kisicho na mito ya akiba kina maisha ya msimu mmoja.

WAJIBU WA KATIBU

Katika vyama vingi ukaguzi huonyesha jambo moja. Katika daftari la vifaa imeandikwa: vikinga masikio 12. Mkaguzi huongozwa ghalani, akaonyeshwa 12, vipya, vingine vingali ndani ya mifuko yake. Hesabu imelingana, na kwa mkaguzi wa vitabu hapana hoja. Lakini hatua 20 kutoka hapo mashine inanguruma, na mbele yake wamesimama watu 12 wenye pamba masikioni. Daftari ni safi, na chama kimepata hasara.

Kikinga hakifanani na mbolea iliyohifadhiwa, ambayo thamani yake ni kuwamo ghalani. Kikinga kilichomo ghalani wakati mashine inafanya kazi ni kikinga kilichopotea. Basi makatibu wafungue daftari dogo la pili lenye safu tano: jina la mfanyakazi, namba ya kikinga chake, tarehe aliyopewa na kufundishwa kuvaa, tarehe mito ilipobadilishwa, na tarehe aliyopimwa usikivu. Kipimo cha kwanza kifanywe anapoajiriwa, kabla hajaingia kwenye kelele, kisha kila mwaka, na siku ya kupimwa awe amepumzika mbali na kelele. Kipimo cha kwanza ni kama salio la kuanzia: pasipo hilo, hakuna atakayeweza kusema baadaye kilichopotea ni kiasi gani, wala kilipotelea kwa nani. Kwa Tanzania, ambako Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inashughulikia maradhi yatokanayo na kazi, kumbukumbu hizi humsaidia mfanyakazi na chama pia.

Fedha zake ziingizwe katika makisio kabla ya msimu, pamoja na mikanda, grisi na mafuta, wala zisikatwe katika mshahara wa mtu. Bodi zisizosita kununua mkanda wa mashine hazina sababu ya kusita kununua mito ya vikinga. Mkanda ukikatika hununuliwa mwingine. Sikio halina duka.

Na wale waliokwisha kupungukiwa, kama yule mzee wa penye mizani, wasiachwe. Karani na amtazame usoni, aseme taratibu bila kupiga kelele, na kilo azionyeshe kwa maandishi kabla ya kuandika stakabadhi: aseme "sitini", akimnyoshea mzee kidole kwenye namba yenyewe. Katika mkutano mkuu mabenchi ya mbele yawe yao, na bei na hesabu ziandikwe ubaoni pamoja na kusomwa. Hayo hayagharimu ila chaki.

Msimu unakaribia. Mashine zitawashwa, na vijana wapya wataingia kazini wakiwa na masikio mazima. Kabla mashine ya kwanza haijawashwa, kila katibu na aende ghalani, avitoe vikinga mifukoni, awaite watu wake mmoja mmoja, na aone kwa macho yake kila mmoja akivaa, akizungusha kidole ukingoni mwa mto, na akijaribu. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Miaka 20 baadaye, kijana wa leo atafikisha mzigo wake penye mizani, karani atataja kilo zake mara moja, naye atazisikia.